Kiberiti na Seli Zilizokataa Kuzima

Jina la Kiberiti hakulipata bure. Nyumbani kwao aliwahi kununiana na redio, wiki nzima, eti inamkoromea makusudi. Sasa mtu wa namna hiyo si kaenda kupata kazi maabara, kazi ya subira! Na ilikuwa kazi ya majaribio: asipompa bosi picha safi ifikapo Ijumaa, afungashe virago.

Kazi yenyewe ukiisikia, wala haitishi. Seli ukiziunguza kidogo zinatoa protini ya kujikinga na joto, kama wewe unavyotoa jasho. Hapo unamwagia kingamwili ya kununua, ambayo katika umati wote huo inaitambua protini hiyo tu, inaing'ang'ania kama kupe. Imetiwa rangi, kwa hiyo kwenye hadubini panawaka kijani. Unachukua visahani viwili vya seli. Kimoja unakichovya kwenye maji ya moto, cha pili unakiacha mezani kijipumzikie. Cha kwanza kiwake, cha pili kiwe giza. Basi.

Vya Kiberiti viliwaka vyote. Akarudia, vikawaka tena. Akaamua mchawi ni kingamwili, akampigia simu muuzaji.

"Wewe, umeniuzia maji ya bomba?"

"Dada yangu, wateja wengine wote..."

"Dada yako nani? Njoo ujionee!"

Muuzaji akaja, tai shingoni, kijasho usoni, na kasha lake la barafu mkononi. Akamkuta Kiberiti kaanza upya: kisahani kimoja kimo majini, cha pili kiko juu ya oveni ya kukaushia vyombo, palepale pa siku zote. Kwa nini huko? Kwa sababu meza ilikuwa ya Shemeji. Huyu Shemeji, mdogo wa mume wa dada yake, walikuwa chumba kimoja, na siku ya kwanza tu alimcheka alivyovaa glavu. Kiberiti akaapa: "Meza yako siigusi hata kwa mkono wa kuazima!" Na kiapo ni kiapo.

Akamshukia muuzaji. Akamsema yeye, akalisema duka lake, akaisema na tai. Muuzaji alishazoea midomo ya wateja, akaegemeza kiwiko juu ya oveni asikilize vizuri.

"Mamaaa!"

Aliruka huyo! Kiberiti akakitazama kiwiko, akaitazama oveni, akakigusa kisahani. Kina joto kama kikombe cha chai.

"Na wewe nani kakwambia uegemee?" akafoka, lakini sauti ilishaishiwa moto.

Shemeji kaziba mdomo, mabega yanamtikisika.

"Cheka, upasuke."

"Mimi nimesema nini, shemeji yangu? Malizaneni na muuzaji."

Ijumaa ni kesho. Kiberiti akameza mate machungu.

"Shemeji."

"Naam, shemeji kipenzi."

"Nipe nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Unajua!"

"Sijui. Nielimishe."

"Ya kisahani! Mezani! Tafadhali! Umeridhika?"

"Hiyo tafadhali imepita mbio. Irudie polepole, na mgeni ashuhudie."

Akairudia, meno yamebana. Muuzaji, kiwiko kakitumbukiza kwenye barafu yake mwenyewe, akatingisha kichwa. "Imesikika."

Kesho yake Kiberiti akainamia hadubini. Cha kwanza kijani kibichi. Cha pili giza totoro.

"Sioni kitu!" akapiga kelele. "Jamani, sioni kitu!"

Watu wa chumba cha pili wakaja mbio na chupa ya kuoshea macho, wakidhani kaingiwa na dawa machoni. Bosi, aliyekwisha kuhadithiwa habari ya oveni, akawapangua, akaangalia mwenyewe, taratibu.

"Safi. Nakupa mwaka mmoja. Meza mtagawana wewe na shemeji yako."

"Mwaka mzima?"

"Au nikupe oveni?"

Kiberiti akachukua utepe wa gundi, akaubandika katikati ya meza kutoka ukingo hadi ukingo. Shemeji akainama kuupima kwa jicho.

"Mbona upande wako mkubwa?"

"Mimi nina hasira," akasema. "Zinahitaji nafasi."