Masikio Yangu na Kigeuzi cha Bei Mbaya

Nilipostaafu kazi katika kiwanda cha kukunja bati pale Ota, baada ya miaka thelathini na minne, nilijipa cheo kipya: mtaalamu wa sauti. Hakuna aliyenishauri. Nilikuwa na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na daftari la kuandikia maoni yangu, ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kilichokosekana ni kigeuzi, kile kisanduku kinachopokea muziki kutoka kwenye kompyuta na kuugeuza uwe sauti ya kupeleka kwenye amplifaya. Kule Akihabara, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, nilimchosha muuzaji, Ozeki, Jumamosi tatu mfululizo. Mwishowe akaniazima viwili nikavijaribu nyumbani kwa wiki moja: kimoja cha kawaida, kingine bei yake mara tano.

"Mzee Hirobe," aliniambia huku akivifunga, "wewe sikiliza tu. Usiandike sana."

Niliandika kurasa kumi na moja. Kile cha kawaida nilikiita "kikavu, hakina roho." Kile cha bei mbaya nikakiandikia: "Kimya chake ni kama theluji juu ya paa la hekalu." Nikaisoma sentensi hiyo mara mbili, nikajipongeza.

Siku ya sita mke wangu, Kinuko, alitoka jikoni ameshika upawa wa supu.

"Baba Shiho, hicho kidude chako kitanyamaza lini?"

"Muziki nimeshauzima."

"Sisemi muziki. Huo mlio. Nyiiii, kama mbu. Wiki nzima nalipiga friji makofi, kumbe ni wewe!"

Nikasogeza sikio kwenye spika. Kimya. Theluji. Hekalu.

"Hakuna mlio, mama."

Akachomoa waya wa kile cha bei mbaya. "Umekoma." Akauchomeka. "Huo tena. Kweli husikii?"

Nilimweleza, kwa ukali wa mtaalamu, kwamba masikio yasiyo na mazoezi hujitungia mambo. Akarudi kwenye supu yake.

Kesho yake tulikwenda wote dukani. Ozeki alikiwasha kile cha bei mbaya, akakunja uso papo hapo.

"Lo, hiki kibovu! Samahani sana. Mzee, umekaa nacho wiki nzima?"

Kinuko aligeukia rafu ya nyaya, mabega yakimtikisika.

Baada ya hapo nilikwenda kupimwa, na daktari wa masikio alinionyesha mchoro wa usikivu wangu: mstari ulikwenda vizuri, kisha ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Sauti nyembamba zilikuwa zimenihama zamani, zikabaki kiwandani na mashine za bati. Nilitoka nimenywea. Uziwi ningeuvumilia, lile hekalu ndilo lililoniumiza.

Ozeki alitupatia kingine kizima cha bei ileile. Safari hii nilimkalisha Kinuko mbele ya spika. Kwa miaka yote ya ndoa yetu, sikuwahi kumkaribisha pale. Alifumba macho, akasikiliza vyote viwili.

"Hiki cha kawaida," alisema. "Huyu dada anavuta pumzi kabla ya kuimba, namsikia."

"Na kwenye kile kingine?"

"Anavuta vilevile. Ila hiki hakijazi meza nzima."

Tukakinunua hicho. Siku hizi, tukishakula mchana, yeye husikiliza na mimi humletea chai, kisha nakaa chini kando yake.

"Sasa kuna nini?" nauliza.

"Vikengele vidogo, upande wa kushoto."

"Vizuri?"

"Vizuri sana. Hebu nyamaza basi."