Paa Moja Kwenye Makambi

Kutoka Matongo hadi kwenye makambi kando ya Mto Mara ni mwendo wa siku nzima, na kila walipovuka kijito Wegesa aligeuka kuhesabu watu wake. Hawakuwa wengi. Mumewe, mzee Nyangwine, alikuwa mbele kabisa na mkuki wake. Nyuma kabisa alikuja Mokami, mke wa mwanawe, na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Wegesa alitembea katikati, unga kichwani, sikio moja kwa mtoto aliyekuwa na kikohozi, jicho moja kwa mzee ambaye hasira zake hazikai mbali.

Ndivyo alivyoishi tangu abatizwe: katikati. Alijifunza kusoma akiwa mama wa watoto watano, kidole kikifuata herufi, na kwa miaka kumi na mmoja alikwenda makambi ya Wasabato, mkutano wao wa kila mwaka, bila mume. Mwaka huu wa 1956 Nyangwine alikubali kuja. Alisema akiwa zizini, hata hakumtazama: "Nitakaa hizo siku zenu. Lakini nikiona mnadharau mila, narudi hapo hapo."

Kwa hiyo Wegesa alimtanguliza mwanawe Nashoni, mume wa Mokami, akajenge vibanda viwili, mbalimbali. Baba mkwe na mkamwana hawalali chini ya paa moja, hata mvua ya mawe inyeshe.

Walifika Ijumaa, jua limeshakaa juu ya vilima. Wegesa alitafuta vibanda viwili. Akaona kimoja, kikubwa.

"Karibuni, mama," Nashoni alisema, kifua mbele. "Nimejenga kama nyumba ya mwalimu. Ina vyumba viwili."

Wegesa alichungulia. Katikati palisimama ukuta wa matete.

"Na paa?"

"Moja. Bwana Nyama, yule Mzungu mlinzi wa wanyamapori, amekataza kukata miti ng'ambo, na ya huku imekwisha. Nikaona ukuta unatosha."

"Unatosha? Baba yako akipiga chafya utaanguka. Ulisoma mpaka darasa la nne ukasahau wewe ni mtoto wa nani?"

"Basi nipe panga nikitenganishe."

Alikuwa bado amenyoosha mkono chuma cha kengele kilipogongwa kule kwenye mkutano. Sabato imeingia. Mpaka jua la kesho lizame, hakuna atakayeinua panga wala kufunga kamba. Nashoni akashusha mkono. Mawingu nayo yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Serengeti.

Manyunyu yalipoanza, Nyangwine aliketi juu ya jiwe, ngozi ya ng'ombe kichwani. Upande wa pili Mokami alijibanza nyuma ya mgunga, mtoto kifuani. Katikati yao kibanda kilisimama kitupu. Kwa majirani hapakuwa na nafasi: kila kibanda kilikuwa na mkamwana wake, na wenye vibanda walikuwa rika la Nyangwine, kwa Mokami wote ni baba wakwe.

"Mwambie mwenye mtoto aingie," mzee alisema, akitazama mto.

Wegesa akaenda.

"Mwambie baba aingie yeye, mama. Mimi sina baridi," Mokami alijibu, meno yakigongana.

Mtoto akakohoa. Mogesi, jirani, alikuwa amekaa mlangoni pake, amekauka. "Mama Nashoni, nyumba hiyo umewajengea mbuzi?"

Watu wakacheka. Wegesa alirudi kwa mumewe.

"Anasema uingie wewe."

"Niingie, mjukuu wangu alowe? Nikiondoka ataingia." Akaanza kukunja ngozi yake. "Narudi Matongo."

Wegesa alifungua mzigo akatoa panga. Kicheko kikakatika. Mzee wa kanisa, Heche, alimjia na mwavuli.

"Mama Nashoni, Sabato imeingia."

"Nimesikia chuma, mzee."

"Basi weka hilo chini."

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, tunamwacha?"

Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi hata kuwasha moto siku hii. Aliinua panga, na mkono mwingine ukalishika. Ulikuwa wa Nyangwine.

"Wacha."

"Utaondoka?"

"Nimesema wacha. Usivunje sheria yako kwa ajili ya sheria yangu. Mimi sikubatizwa. Huyo Mungu wenu hajaniambia neno."

Heche akajongea pembeni na mwavuli wake.

Nyangwine alilichukua panga, akaupa mgunga mgongo asimwone mkamwana, akakata paa kutoka mbele hadi nyuma. Aling'oa nyasi na matete, akaacha uwazi wenye upana wa njia ya ng'ombe, kisha akaziba ubavu huu na ubavu ule kwa nyasi zilezile. Alifunga kamba kwa meno. Paa moja likawa mawili.

"Mwambie mwenye mtoto," alisema, maji yakimtiririka ndevuni, "nyumba yake iko tayari."

Asubuhi Wegesa aliketi mkutanoni pamoja na Mokami. Mtoto alilala, kikohozi kimepungua. Nyangwine hakuja kuketi. Nyuma ya vibanda panga lilisikika, ko, ko, akirekebisha palipovuja, na kila lilipogonga Heche alisita katika mahubiri yake.

"Mume wako anatuharibia Sabato," Mogesi alinong'ona.

"Yupo," Wegesa alisema.

Panga liliponyamaza aligeuza shingo kuangalia kama ameondoka. Lilipogonga tena, alirudisha kidole kwenye mstari wa Biblia.