Zunguka Gari

Mdogo wangu wa kiume, mtaani wanamwita Mstari. Amekuwa akichora barabara za mji huu tangu akiwa kijana mwenye nywele zote kichwani: mistari ya katikati, vivuko vya waenda kwa miguu, mishale ya kuwaonyesha madereva pa kugeukia, nao wanageukia wanapotaka. Ukienda kwake utamjua kwa viatu. Viko nje ya mlango, vyeupe kwa rangi iliyoganda, vizito kama matofali, na mkewe amepiga marufuku visivuke kizingiti.

Ni mtu mpole, na upole wake umeniudhi maisha yangu yote. Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, na mdomo tuliopaswa kugawana nilipewa wote mimi. Yeye akiambiwa simama, anasimama. Akiambiwa zunguka, anazunguka. Na katika kazi yake hilo la kuzunguka ndilo sheria kuu, ingawa huikuti imeandikwa popote. Fundi mpya huipata siku ya kwanza kutoka kwa nyapara: ukikuta gari limeegeshwa, usimtafute mwenyewe, usipige honi, usigonge kioo. Zunguka.

"Gari lina mwenyewe," nyapara wao hupenda kusema. "Barabara haina mwenyewe."

Basi mafundi wanavuta mstari wao, wanafika kwenye gari, wanapinda, wanalizunguka, wanaendelea na safari. Jioni gari linaondoka na pale panabaki pengo jeusi lenye umbo la gari. Kesho yake dereva mwingine anapita, anaona pengo, anasema, ala, kumbe hapa ni pa kuegesha! Ndivyo maegesho mengi ya mji huu yalivyozaliwa. Wageni wakiona mistari imepinda wanadhani mafundi walilewa. Hawakulewa hata kidogo. Walikuwa na adabu tu.

Sasa, foleni yetu kila mtu anaijua, na kila mtu anaamini imesababishwa na wengine. Mtu mmoja anajifungia ndani ya gari lenye viti vitano, anapandisha vioo, anamlaani mtu mmoja aliye mbele yake ndani ya gari lenye viti vitano. Wakubwa walipochoka kuchelewa mikutano yao kuhusu foleni, wakaunda Ofisi ya Usafiri Bora, nayo ikafunguliwa mkabala na duka langu. Tuliambiwa yanakuja mabasi makubwa ya kisasa na njia za baiskeli. Mabasi kweli yakaja. Yakaingizwa uani kwa ofisi, yakapangwa safi, viti vikiwa bado ndani ya nailoni, yakaanza kumsubiri Mheshimiwa aje kukata utepe. Mheshimiwa akawa na safari. Aliporudi akawa na mafua. Majani yakaota kwenye magurudumu, na paka wa mtaa akazalia chini ya basi la mwisho. Ndiye abiria pekee ambaye mabasi yale yamemfaa mpaka leo.

Na kwa kuwa uani kumejaa mabasi, magari ya wakubwa wa ofisi yakatolewa nje, yakaegeshwa barabarani. La Mkurugenzi, jeusi na refu, lilikaa mbele ya duka langu kabisa. Mstari na wenzake walipofika na rola zao kuchora njia ya baiskeli, wakalikuta hapo. Nilikuwa kwenye cherehani yangu, namwona. Alisimama akalitazama gari, akamtazama nyapara.

"Zunguka," nyapara akasema.

Akazunguka. Njia ya baiskeli ikaja imenyooka kutoka mjini, ikafika kwenye ofisi iliyoibuni, ikakatika, ikaanza tena mbele ya bampa. Mwendesha baiskeli akifika hapo inabidi atoke aingie katikati ya malori, alipite gari la Mkurugenzi wa Usafiri Bora, kisha arudi kwenye usalama wake kama alijaliwa.

Nilimwambia mdogo wangu, "Na wewe huna haya? Umechora mtego."

"Dada, kazi ni kazi," akajibu, huku akifuta brashi.

Cha kusikitisha ni kwamba alijivunia njia ile. Mkewe, yaani wifi yangu, ni mkunga katika hospitali iliyo upande wa pili wa mji. Wifi na mimi tunapendana kwa matusi. Akipita hapa hunikejeli mishono yangu, nami humkejeli makalio yake juu ya tandiko. Alinunua baiskeli kwa sababu basi hukwama kwenye foleni. Kwa basi, alikuwa akisema, nafika mtoto ameshajifunza kukaa. Mstari alipomaliza ile kazi alirudi nyumbani akamwambia, "Mke wangu, nimekuchorea njia." Mwanamume ambaye hajawahi kusema neno tamu tangu harusi! Wifi alinisimulia mwenyewe, akajifanya anacheka, lakini machozi niliyaona.

Haikuchukua muda. Nilikuwa napinda suruali ya mteja, pini mdomoni, niliposikia breki za lori na kengele ya baiskeli iliyolia mara moja ikanyamaza. Nilitoka mbio. Wifi alikuwa amelipita gari la Mkurugenzi kama kawaida, kioo cha pembeni cha lori kikamsukuma, akaangukia mkono. Alikuwa amekaa juu ya lami, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama aliyebeba mtoto wa mtu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Wifi, vidole vinacheza?" Vilicheza kidogo. Gari la Mkurugenzi halikupata hata mkwaruzo, na mlinzi wa ofisi alitoka kulikagua kabla hajatutazama sisi.

Daktari alimfunga plasta, akamwambia ukweli. Mkono utapona, ila ukivunjika tena hapo hapo, kupokea watoto ndiyo basi. Na mtu hamvuti mtoto duniani kwa mkono mmoja. Hospitali ikamwekea nafasi yake mpaka plasta itoke. Kwa hiyo alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: arudi kwa njia ile ile yenye pengo lile lile, au aache kazi anayoipenda kuliko sisi sote. Wifi akasema atarudi, na asiyetaka anyamaze. Mstari alinyamaza, lakini tangu siku hiyo akaacha kula vizuri.

Nilimvuta hadi kwa Mkurugenzi. Tulipokewa vizuri, nisiseme uongo. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya binti anaendesha baiskeli anatabasamu, barabara tupu, miti pembeni, na bila shaka hakuwa amezaliwa kwetu. Mkurugenzi alimpa Mstari pole ya mikono miwili, laini kama mkate.

"Pengo hilo tunalijua," akasema. "Limo katika awamu ya pili."

"Ya pili ni lini, mzee?" Mstari akauliza.

"Ya kwanza ikishazinduliwa."

"Na ya kwanza?"

"Mabasi yakitoka uani. Tunamsubiri Mheshimiwa."

Mimi uvumilivu ukanishinda. "Baba, si ulisogeze tu hilo gari lako?"

Akanitazama kwa masikitiko, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa asiyejua anaumwa. "Nilipeleke wapi, mama? Uani kuna mabasi."

Tulishuka ngazi. Nje Mstari akasimama kwenye lile pengo, kando ya gari, akaikanyaga lami kwa kiatu chake cheupe. Nikamwambia twende, mwenye nguvu mpishe. Najuta kulitoa neno hilo, maana ndilo alilolelewa nalo.

Hatimaye Mheshimiwa akapata nafasi. Uzinduzi ukapangwa wiki ile ile ambayo wifi angerudi kazini, na asubuhi ya siku iliyotangulia mafundi wakaletwa kuing'arisha mistari yote ili kamera zisione uchovu. Wakaja wakishuka na barabara, rola baada ya rola, Mstari mbele na uzi wake wa chaki, ule wanaoukaza barabarani ili mstari unyooke. Wakafika mbele ya duka langu. Gari lilikuwepo, limeoshwa kwa ajili ya sherehe.

"Zunguka," nyapara akasema bila hata kuinua macho.

Mstari akafunga uzi upande wa nyuma ya gari. Akapita nao juu ya buti, juu ya paa, juu ya boneti, akashuka nao mbele, akaukaza. Akaupiga. Chaki ikaruka juu ya ile rangi nyeusi, mstari mwembamba ulionyooka ajabu. Kisha akachovya rola.

Nimeshona nguo za harusi na za mazishi, lakini kazi ya kutulia namna ile sijawahi kuiona. Hakuharakisha. Alipanda na rola kwenye bampa, akafika kwenye kioo, akakipaka, akapita paani, akateremka. Alipomaliza akachukua kile kibati chao kilichokatwa umbo la baiskeli, akakilaza juu ya boneti, akapaka, akakiinua kwa uangalifu kisichafue. Baiskeli nyeupe, safi, magurudumu mviringo kabisa. Mtaa mzima tulikuwa nje, na kinyozi wa jirani alitoka na mteja aliyenyolewa nusu.

Mkurugenzi alishuka ngazi akikimbia, tai imerukia begani.

"Wewe! Unajua hili gari ni la nani?"

"Najua, mzee," Mstari akasema, akimsikilizisha nyapara pia. "Ila barabara nayo nimekumbuka ina mwenyewe. Yuko nyumbani, mkono unamuuma."

Polisi hawakuitwa. Kumshtaki kungemlazimu Mkurugenzi aeleze gari lilikuwa limeegeshwa wapi, na kesho yake waandishi wa habari walikuwa wanakuja. Funika kombe. Walimfukuza kazi tu, pale pale, wakamvua kizibao cha njano mbele za watu. Kopo na brashi hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Nilitaka kumtetea, kwa mara ya kwanza mdomo wangu ukakosa neno. Nilimwonea fahari mno.

Na uzinduzi? Mheshimiwa alitoka kwake na msafara wa magari, akakutana na foleni, akakaa humo mpaka jua likampanda kichwani, akageuza akarudi kulala. Utepe ukakunjwa, mabasi yakabaki uani na paka wao. Gari la Mkurugenzi likapelekwa kupakwa rangi upya, kwa maana ile ya barabarani imetengenezwa ishinde malori, haishindwi na sabuni. Likarudi linang'aa. Likarudi, ndugu zangu, pale pale. Watu wa namna hii hata aibu huizunguka.

Siku wifi anarudi kazini nilifungua duka mapema. Nikamkuta Mstari amenitangulia. Mkurugenzi alikuwa hajafika, na mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya lile pengo, kwenye lami tupu, amevaa viatu vyake vyeupe, kopo mkono mmoja na brashi mkono mwingine.

Gari jeusi likatokea. Likapunguza mwendo, likawasha taa ya kugeuka, likapiga honi. Mstari hakusogea. Likapiga tena. Kioo kikashuka, kichwa cha Mkurugenzi kikatoka.

"Nipishe, niegeshe!"

Mdogo wangu aliinua brashi kidogo tu, kiasi cha kuonekana. Mkurugenzi akaitazama brashi, akalitazama boneti lake jipya.

"Zunguka, mzee," Mstari akasema, kwa upole ule ule ulioniudhi maisha yangu yote.

Nyuma malori yalianza kupiga honi, na mlinzi wa ofisi ghafla akawa na shughuli uani. Kioo kikapanda. Gari likaondoka kwenda kuzunguka mtaa, na kwa foleni ya asubuhi, kuzunguka mtaa ni kazi ya mpaka chai ya saa nne.

Ndipo wifi akaja. Alikuwa anaendesha polepole, mkono wa kulia bado ameulegeza kwenye usukani, ameuma mdomo. Mstari akapanda ukingo wa barabara akampisha. Wifi akapita moja kwa moja, juu ya lile pengo lisilo na rangi, bila kuingia katikati ya malori, bila kupinda hata kidogo. Alipiga kengele, na aliipiga kwa mkono wa kulia.

Mstari anasimama pale kila asubuhi mpaka leo, mkewe apite na wengine wapite, na jioni mkewe anaporudi. Katika mji wote hiyo ndiyo njia ya baiskeli iliyokamilika, na haikuchorwa na ofisi yoyote. Jana nilimpelekea chai, nikachungulia ndani ya lile kopo. Halikuwa na kitu. Rangi yote ilikwisha siku ile, juu ya gari.