Zeituni na Zambarau kwa Mazishi ya Mume Wangu

Mume wangu alikufa Jumanne, na kufikia Alhamisi msiba wake ulikuwa umeshapata rangi. Si mimi niliyeuchagulia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye godoro sebuleni, miguu nimeinyoosha kama walivyoniamuru wanawake wa boma, nikisikiliza kamati ya mazishi ikikutana nje ya dirisha langu. Walikuwa wamemaliza habari ya ng'ombe wa kuchinja na habari ya mchungaji. Sasa walikuwa wanajadili zeituni na zambarau.

Tangu lini mtu anakufa kwa rangi? Nilipoolewa katika boma hili, karibu na Kosele, watu walikuja matangani na nguo walizokuwa nazo. Aliyekuwa na nyeupe alivaa nyeupe, aliyetoka shambani alikuja na matope yake, na marehemu alizikwa vile vile. Siku hizi usipokuwa na sare na hema lililofungwa vitambaa, wanasema umemtupa mtu wako. Kifo cha wengi harusi, wahenga walisema. Hiki kilikuwa kifo cha mtu mmoja tu, na bado wakaamua kufanya harusi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ananunua dhahabu kwa wachimbaji wa Masara na kwa hiyo anajua kila kitu. Yeye ndiye aliyemleta mrembeshaji wa mahema kutoka mjini Homa Bay, msichana wa miaka ishirini na kitu, kucha ndefu, viatu vyeupe kwenye uwanja wetu wa udongo. Aliingia kunipa pole, akapiga goti kwa adabu, hilo nampa. Halafu akatoa simu kunionyesha picha.

"Mama, hizi si rangi tu," akaniambia. "Zeituni ni amani. Zambarau ni ufalme, na pia ni majonzi. Ukiziweka pamoja ni kama unasema, mfalme amepumzika kwa amani."

Mfalme. Mume wangu alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Maisha yake yote ya kazi alizunguka na pikipiki ya serikali kutoka Migori mpaka Kegonga, akisimamia majosho, akichanja ng'ombe wa Wakuria, akiingiza mkono hadi bega ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Kama huyo alikuwa mfalme, basi mimi nilikuwa malkia wa kupe.

"Mwanangu," nikamwuliza, "mti wa mzeituni umewahi kuuona?"

"Wapi, mama?"

"Popote."

Akacheka kidogo, akasema ameona mafuta yake supamaketi. Nikamwambia mimi nimeuona kwenye Biblia, njiwa akiwa na jani mdomoni, kwa hiyo tuko sawa. Hakuudhika. Alikaa kando yangu akaanza kunieleza kazi yake, kana kwamba nilikuwa nimemwuliza. Akasema zambarau ikiachwa peke yake inapiga kelele, na zeituni ikiachwa peke yake inasinzia. Zeituni iwe nyingi, ndiyo ibebe hema na viti. Zambarau iwe kidogo, kama chumvi, kwenye mafundo ya vitambaa na kwenye maua. Katikati yake iwekwe rangi ya maziwa ili macho yapumzike. Zikikaa hivyo zote mbili hutulia, alisema, hakuna inayomeremeta, ndiyo sababu hazigombani.

Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini, na katika hiyo nimefundisha sanaa kwa watoto wasiokuwa hata na kalamu za rangi. Tulisaga majani na maua, tukapaka. Sikuhitaji mtu wa kunifundisha rangi nikiwa nimekalishwa chini kama mwanafunzi aliyechelewa. Lakini nitasema ukweli, ingawa ulinikera: yule msichana alijua kazi yake. Asichojua ni kwamba rangi haina maneno mpaka mtu aipe. Zambarau, ambayo kwake ni ufalme, kwa nyanya yangu ilikuwa vazi la askofu aliyemkataza kupika pombe. Na zeituni, ukimwuliza mtu yeyote wa umri wangu huku kwetu, atakwambia ni kijani cha jeshi. Hiyo amani ameitia yeye mwenyewe.

Nikamwachia afanye. Hema halikuwa langu, viti havikuwa vyangu. Katika mazishi yale nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaja mbele ya watu wote ili asije mtu akasema hakusikia. Nilitaka koti lake.

Kwetu mjane huvaa nguo ya mumewe. Unatwaa shati au koti alilozoea, unalivaa siku anapozikwa, na unakaa nalo mpaka wajane wenzako waje kukuvua. Hali hiyo tunaiita chola. Wapo wachungaji wanaoikemea, na wapo mabinti wenye shahada wanaosema ni kumkandamiza mwanamke. Waseme. Mimi nililitaka koti kwa sababu ya harufu, na sioni haya kulisema. Lilikuwa koti la kaki la kazini, limepauka mabegani, na kwenye ukosi lilikuwa na jasho lake, dawa ya josho na tumbaku. Zile wiki tatu alizolazwa hospitali, nililala nalo upande wake wa kitanda. Kukicha nilikuwa nalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, watu wasije wakaniona mtoto.

Shemeji hakupendezwa.

"Mwalimu, picha hizi zinaenda mbali," akaniambia. "Familia yote iko zeituni na zambarau, halafu wewe katikati na koti la josho? Gauni lako limeshashonwa Migori. Mama wa boma ndiye ua la meza."

Hayo ya ua la meza aliyaazima kwa mrembeshaji, sina shaka. Nikamwambia ua akaliweke mezani, mimi sikuolewa na meza. Wifi yangu, dada wa pekee wa marehemu, alikuwa anagawa chai. Alimtazama kaka yake, akanitazama mimi, akaendelea kumimina.

Wifi huyu ni mtu wa kupatanisha. Mpe kuku na mwewe, atawatafutia kiota kimoja. Mama yao alikufa yeye akiwa hajaota meno ya pili, na mume wangu ndiye aliyemlea, akimbeba nyuma ya baiskeli kumpeleka shule. Mimi na yeye hatukuwahi kupendana sana. Aliniona najidai kwa sababu ya chaki, na mimi nilimwona hana msimamo, na kila mmoja wetu alikuwa na ukweli wake.

Mazishi yalipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jumatano niliingia chumbani kubadilisha leso, nikaangalia nyuma ya mlango. Msumari ulikuwa mtupu.

Niliuliza wanawake. Walisema litapatikana, mama, usijisumbue. Ukisikia hivyo katika boma lenye msiba, jua kuna mtu anafichwa. Nilipekua masanduku, nikapekua hata kapu la nguo chafu, na Alhamisi nilivunja sheria ya godoro, nikatoka mpaka chini ya mti walipokuwa wamekaa kamati. Nikamwita shemeji mwizi. Nikamwambia amezoea kupima vumbi la dhahabu la watu, sasa ameona apime na matambara ya ndugu yake. Alisimama, akaapa kwa jina la mama yake kwamba hajaligusa. Sikumwamini. Kamati nzima iliinamisha vichwa kwenye simu zao.

Ijumaa mchana, kabla gari la maiti halijafika, wifi aliingia sebuleni amelibeba koti juu ya mikono miwili. Alikuwa anatabasamu.

Lilikuwa zeituni. Zeituni yenyewe, ile ya kwenye simu ya msichana. Ukosi ulikuwa umefunikwa kwa mahameli ya zambarau, na ndani palikuwa na bitana mpya ya zambarau inayoteleza. Vifungo vyote vilikuwa vimebadilishwa. Lilipigwa pasi likasimama wima.

"Sasa utavaa lake, na utafanana na sisi," akasema. "Yule binti, bila kujua ni ya nini, aliniambia kaki iko karibu sana na zeituni, inataka kusukumwa kidogo tu. Nilinunua rangi ya unga pale Kosele, ile ya kutia vikapu. Nimepika mwenyewe. Ukosi na bitana ameshona fundi."

Nilipeleka pua kwenye ukosi. Nikasikia sabuni, nikasikia rangi ya vikapu na pasi. Nikageuza kwapa, nikageuza mfuko. Mume wangu hakuwamo.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nilimwambia wifi kwamba ndugu yake aliuawa mara moja na ugonjwa, na yeye amemwua mara ya pili kwa sufuria. Nikamwambia ujinga una dawa, ni kusoma, lakini ujinga wa kutaka kumfurahisha kila mtu hauna dawa, unazikwa nao. Wanawake waliokuwa pale walianza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu ili majirani wasisikie. Wifi aliliweka koti kwenye godoro, akatoka.

Jumamosi nililivaa. Ningevaa nini? Lilikuwa bado koti lake, mabega yalikuwa mabega yake. Hema lilipendeza, nisidanganye. Zeituni ilishuka nguzoni imetulia, zambarau ikachungulia hapa na pale, na hata jeneza la kahawia lilionekana limepata mahali pa kukaa. Mamia ya watu walipita mbele yangu wakinipa mkono, na nusu yao walinisifu koti. Umependeza, mwalimu. Mume amelala bila koti kwenye ubaridi wa jeneza, mke anasifiwa ukosi.

Mrembeshaji alinijia machozi yakimlengalenga. "Mama, kuchukua nguo yake ukaiingiza kwenye thimu ya rangi," akasema. "Hata mimi singewaza." Na shemeji, yule yule aliyeapa kwa jina la mama yake, nilimsikia akiwaeleza wageni wa Masara kwamba hilo lilikuwa wazo la kamati. Nikapigwa picha nyingi sana. Katika zote mimi niko katikati, nimekaza uso, nimelingana na viti.

Sikulia. Kwetu mjane asiyelia hunong'onwa, na nilinong'onwa kweli kweli. Wengine walisema ni usomi, wengine walisema nimechoka kumwuguza. Nilijaribu. Jeneza liliposhuka niliuinua ukosi nikauweka puani, nikitegemea labda jua limetoa kitu. Nilipiga chafya.

Siku ya nne baada ya mazishi, hema lilikuwa limekwenda kwenye msiba mwingine na vitambaa vyake. Shemeji alikuwa amerudi Masara. Wifi peke yake ndiye aliyebaki, jikoni nyuma ya nyumba, anasugua masufuria ya watu kwa majivu, na tangu Ijumaa hatukuwa tumepeana hata salamu. Niliamka asubuhi nikaona siwezi kukaa na hasira ile ndani ya koti lile. Nikamfuata, nikiwa na maneno yangu yamepangwa.

Alinitangulia. Hakuinua kichwa.

"Fundi aliniambia rangi haishiki kwenye jasho," akasema. "Lazima nilifue kwanza. Basi nikaliloweka na sabuni, ile Jumanne. Maji yakawa kahawia. Nikainama kulikamua, harufu yake ikanipiga usoni, mwalimu, kama amesimama hapa anataka chai. Hapo nikajua nimeharibu. Nikalitoa haraka, nikalinusa. Lilikuwa limeshamtoa. Alikuwa amebaki kwenye maji."

Nikauliza, "Kwa nini uliendelea kulipika?"

"Ningekuletea tupu?"

Alisugua sufuria moja muda mrefu, mpaka ikang'aa.

"Yale maji sikuweza kuyamwaga," akasema. "Nilificha beseni kwenye ghala, nikalifunika na sinia. Siku mbili. Nilikuwa naenda nafunua, nanusa, nafunika. Wakiniita naitika, nasema natafuta chumvi."

Nilimwona akilini, mwanamke mzima mwenye wajukuu, amepiga magoti ghalani juu ya beseni la maji machafu, na mimi ng'ambo ya ukuta napekua kapu la nguo.

"Siku mbili," nikamwambia. "Siku mbili alikuwa humu ndani, na hukuniita hata mara moja."

"Nilikuogopa."

"Maji uliyamwaga wapi?"

Alifuta mikono kwenye kanga, akaniongoza nyuma ya zizi, pale mume wangu alipokuwa anafungia ndama. Hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Jua lilikuwa limekausha ardhi siku nyingi, na kuku walikuwa wamepachakura. Nilipiga magoti pale, na koti lao la zeituni na zambarau, nikainama mpaka pua ikagusa chini, nikanusa. Ulikuwa udongo. Hapo ndipo nilipolia, nikasikia sauti yangu inatoka sikuitambua, na wifi akapiga magoti kando yangu, akaweka mkono mgongoni pangu, na sikumwambia autoe.