Kibanda cha Sigara Kilichogeuka Steji

Chekeni tu, mimi mwenyewe nishacheka hadi haya zikaniisha, maana ni mimi, msomi wa kampuni, niliyechagua kile kibanda.

Sheria ya sigara ilipoingia, meneja wetu pale kiwanda cha unga, Kitale, aliniambia nitafute kibanda cha wavutaji kisichotuletea kesi, yaani kiwe nje, mbali na milango na madirisha, na kiwe wazi upepo upite. Fundi alinionyesha michoro ya vibanda viwili: kimoja cha kujificha nyuma ya stoo, kingine chenye paa la bluu na benchi refu, cha kuwekwa nje ya geti, kando ya barabara ya Kiminini. Mimi na akili zangu nyingi nikachagua cha barabarani. (Kibao cha kusema hapa ni pa sigara nikasema kitakuja baadaye, kwani nani hatajua?)

Hakuna aliyejua. Kabla rangi haijakauka, abiria walikuwa wamekiteka wakidhani ni steji ya matatu, kuku wao wamefungwa kwenye miguu ya benchi, na wavutaji wetu, baada ya kukaripiwa na akina mama, wamerudi kuvutia chooni.

Siku afisa wa afya alipokuja kukagua, meneja aliona kibanda kimejaa abiria na vikapu vyao, akaninong'oneza, "Ingia uwashe moja, aone kinatumika." Sasa, mimi nilikuwa mvutaji wa siri. Kwao Nekesa, mchumba wangu wa Kimilili, nilijulikana kama kijana aliyeokoka, na harusi ilikuwa mwezi uliofuata. Lakini kazi ni kazi, nikajibana mwisho wa benchi, nikawasha, nikapuliza moshi kwa madaha.

Mama aliyeketi kando yangu akakohoa, akateremsha leso aliyojifunika usoni. Alikuwa mama yake Nekesa, akingoja gari la kurudi Kimilili.

Kwetu Wabukusu mama mkwe hata mkono humpi, sembuse kuketi naye benchi moja na kumpulizia moshi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Yeye, kwa heshima zake, hakunisemesha. Alimgeukia jirani yake: "Dada, mwambie huyo kijana, ati gari ya halusi yenye anangoja ishapita."

Afisa akasema kibanda kiko sawa kabisa kisheria, kimekosa kibao tu. Asante sana.

Sigara niliacha siku hiyo. Nekesa naye akaniacha wiki hiyo, na niliumia, sitawaficha. Siku hizi hata nikitumwa kununua ufagio, naanza na kibao cha kusema ni wa nini. Makanga wa matatu nao waliipa ile steji jina, "Kwa Mkwe", kwa hivyo mimi hushukia ya mbele, halafu narudi kazini kwa miguu.