Kilo Sitini za Mama Mkwe

Mwanangu, jana uliponiwekea mezani karatasi za shirika lako la ndege, ndege za bei nafuu ambazo kila mtu ataweza kupanda, nilicheka mpaka ukaninunia. Niwie radhi. Sikukucheka wewe. Ilinijia akilini asubuhi moja ya zamani, hapa hapa Mocímboa, niliposimama kando ya uwanja wa ndege na mzani wa korosho, nikiwa na miaka thelathini na ndevu chache nilizozionea fahari kupita kiasi.

Sisi nasi tulianza na karatasi. Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu Sufo, na Kapteni Lukasi, Mmakonde wa Mueda, ambaye ndiye aliyekuwa rubani. Habari za gesi iliyopatikana baharini zilikuwa zimeanza, watu wanamiminika kaskazini, na barabara ya kwenda Pemba, Pemba yetu ya Msumbiji, ilikuwa inavunja magari na viuno. Tukakodi ndege ndogo ya abiria tisa, tukasema tutawapeleka watu Pemba kwa nauli ambayo hata muuza samaki ataimudu. Kibali kilitutoa jasho. Kila karatasi tuliyopeleka Maputo ilirudi ikidai karatasi nyingine. Mwisho tukaruhusiwa safari moja ya majaribio, na mkaguzi wa serikali angekuja kuitazama. Ikienda vizuri, atatia saini. Ikiharibika, tunarudi kuuza korosho.

Abiria wenyewe walikuwa mtihani. Walizoea magari, na kwa gari mtu huomba apendavyo. Mzee mmoja alikata tiketi, akaniambia, "Mie mnishushe Awasse. Si mnapita pale?"

"Tunapita juu yake, babu."

"Haidhuru. Punguzeni mwendo tu, nitajua mwenyewe."

Lakini kilichomnyima Lukasi raha ni uzito. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu usiyemwamini sana, kwamba ndege ndogo lazima ijue imebeba nini na imekibeba wapi. Kila abiria apimwe, yeye na mzigo wake, na mzigo usizidi kilo kumi. Mimi niandike, yeye apige hesabu. Kazi hiyo nikapewa mimi kwa kuwa nilikuwa mtu wa mizani tangu zamani. Kumbe kupima korosho ni rahisi, maana korosho si mkwe wa mtu.

Mke wangu Zaina alikuwa Pemba, karibu na hospitali, mimba ya kwanza, siku zimetimia. Kiti kimoja nilijiwekea mwenyewe ili nikamwone mtoto wangu akizaliwa. Kingine kilikuwa cha mama yake, Bi Atija, aliyekuwa anakwenda kumkanda na kumpikia uji. Na Bi Atija, mwanangu, nilikuwa namwogopa kwa heshima. Tangu nioe sikuwahi kula mbele yake. Akija njiani, mimi nahama njia. Akinisemesha, nayajibu makubazi yangu miguuni.

Asubuhi ile watu wakaja wamenenepa. Yule mzee wa Awasse, ambaye wiki nzima nilimwona mwembamba, alivaa makoti mawili na hawezi kukunja mikono. Mama mmoja alijifunga kapulana tano, kanga juu ya kanga. Mizigo mikononi ilikuwa kilo kumi kamili, kila mmoja, na mimi nikajisifu kwamba watu wetu ni waelewa. Niliwapima, wakalalamika kwamba wao si magunia, nikaandika.

Wa mwisho akaja Bi Atija. Alitembea polepole, amenyooka sana, kama aliyemeza mwiko. Akasimama mbele ya mzani akiningoja nimwambie apande.

Ulimi ukanikatalia. Nimwambie mama mkwe apande juu ya mzani, watu wanatazama, kisha nisome kwa sauti? Niliinamia daftari, nikaandika kilo sitini, nikamwonyesha ndege kwa mkono. Na adabu yangu haikuishia hapo. Nikawapanga wanaume mbele, kina mama nyuma wakae kwa stara, na Bi Atija kiti cha mwisho kabisa, asisumbuliwe na mtu.

Nami nikapanda, nikakaa mbele. Bi Atija alipokaa tu, ndege ikainua pua. Mkia ukashuka mpaka chini, gurudumu la mbele likaning'inia hewani, na ndani watu wote tisa wakaanza kumwita Mungu, mimi nikiwa wa kwanza. Nje mkaguzi alitoa kalamu mfukoni.

Lukasi akatuteremsha sote. Alikuwa ameshika daftari langu. "Nani huyu wa kilo sitini?"

Nikajifanya nafuta mzani. Sufo akaenda kufukuza mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa mbali kabisa na ndege, wanakula majani yao.

"Ni mie," akasema Bi Atija. Akanigeukia. "Momade, hizo sitini umezitoa wapi?"

Nikayajibu makubazi, "Nimekadiria, mama."

"Sitini nilikuwa nazo siku naolewa!" Watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaenda akapanda mzani mbele ya umati wote. "Inua uso. Soma, wasikie."

Nikasoma. Mia na kumi na tisa.

Hapo akaanza kujifungua. Unga wa uji wa mzazi, mifuko miwili, kiunoni. Samaki wakavu kifuani. Chupa ya asali. Na kutoka mgongoni, chini ya kapulana, mchi wa kutwangia, mzima, kwa sababu alisikia michi ya Pemba ni myepesi. Alipomaliza akapima themanini na nane, akashuka.

"Mkwe wangu," akasema, si kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Binti yangu yuko kule anamsubiri mamake. Ungeniangusha kwa adabu yako, nani angemkanda? Ukiniheshimu, nipime."

Nikalia, mwanangu. Mbele ya mkaguzi, nikalia. Nilikuwa nimeona haya kwa namba, sikuona haya kuhatarisha roho tisa na ya rubani.

Basi wengine nao wakavua. Mzee wa Awasse akatoa pweza wakavu kwenye makoti yote mawili, akabaki yule mwembamba wangu. Tukapima upya. Lukasi akampandisha Bi Atija mbele, ubavuni pake, wanaume wakaenda nyuma. Lakini unga na samaki wa mzazi vilibaki chini, na nafasi ya uzito hakuna. Nikatoa kiti changu. Unga ukapanda, mimi nikabaki na mchi.

Mkaguzi alitazama ndege ikipotea, akatia saini. "Kila siku mpime hivi," akasema, akaenda zake.

Nilifika Pemba siku ya tatu, juu ya lori, mchi begani. Mwanangu wa kwanza alikuwa ameshazaliwa na ameshapewa jina. Shirika letu lilidumu miaka michache, likafa kwa gharama ya mafuta na vipuri, lakini hatukumzika abiria hata mmoja.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Nunua ndege nzuri, tafuta kibali, nauli iwe ndogo, sawa. Lakini siku ya kumwambia mkubwa wako jambo asilopenda kulisikia, mwambie, na mwambie kabla hajapanda. Adabu ya kumficha mtu ukweli unaobeba roho yake si adabu, ni woga uliovaa kanzu.

Mungu akufungulie njia, akulindie marubani wako, na kila utakayempandisha umshushe salama kwa watu wake. Safari ya kwanza nitakuja. Mimi sasa ni mkwe wa mtu, na mtu huyo ni wewe, na tumbo limenitangulia; usinionee haya, nipime. Mchi nitauacha nyumbani.