Vigae vya Faustino

Faustino alichonga mitumbwi maisha yake yote. Kati ya Msimbati na mdomo wa Ruvuma palikuwa na wakati ambapo hukupita ufuo bila kukuta kazi ya mkono wake. Leo ukilitaja jina hilo, vijana wanakuuliza kama ni fundi wa injini. Wana boti za faiba, hawana haja ya kujua. Namwandika mimi kwa sababu sioni mwingine atakayemwandika.

Alizaliwa ng'ambo, upande wa Msumbiji, akavuka mto mgongoni mwa mama yake wakati wa vita. Ufundi alifunzwa na baba wa kambo, na pamoja na ufundi alifunzwa adabu. Mti mkubwa haukatwi kama muhogo. Unaugonga kwanza kwa kisigino cha shoka na kusikiliza kama una pango ndani. Ukiwa mzima, unaweka kigae cha chungu shinani, juu yake fungu la unga wa mtama, unawataja wazee wako, unakwenda kulala. Asubuhi fungu likiwa limesimama, mti umekubali. Likibomoka, ondoka.

Faustino aliomba miti mingi kuliko aliyokata. Iliyokubali aliiacha ikue, na kila mwaka baada ya mavuno alirudi na kigae kipya na unga mpya, isije ikamsahau. Aliiita wachumba.

"Mchumba gani huyo," nilimwambia siku moja, "unamhonga unga tangu ujana na humwoi?"

"Nyamaza, mtani. Nyinyi wa Mikindani mnaoa Ijumaa, Jumatatu mnatoa talaka."

Kisha magoti yakamshinda. Akakaa Likombe na mkewe Carlota miaka kadhaa bila kukanyaga msituni, tezo lake la kuchongea likining'inia ukutani. Mpaka mwaka juzi alipokuja binti yao Vania, anayelima mpunga kwenye kisiwa kati ya mikono ya mto. Mtumbwi wake ulikuwa umepasuka tumbo. Alikuwa ameuziba kwa bati na lami, na maji yaliingia vilevile. Kule mamba si hadithi.

"Baba, navuka na watoto mle ndani," alisema.

"Nitakuchongea. Nina mchumba kule Namihinga, mti wa mkongo, watu wanne hawaukumbatii."

Basi tukaenda. Gari lilikuwa pikapu ya Twahiru, mtoto wa dada yangu. Carlota alifunga unga kwenye pindo la kanga na kumpa mumewe pamoja na kigae. Tulipita Naliendele, mikorosho imepangwa mistari kama askari, tukapita Nanguruwe, tukaanza kuteremka kuelekea mto. Njia nzima Faustino alimsimulia Twahiru habari za msitu: kiza cha mchana, hondohondo juu ya matawi, ubaridi unaokupokea kabla hujafika. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile.

Tulipofika, jua lilikuwa linatupiga usoni.

"Kijana, umepotea njia," alisema Faustino.

"Sijapotea, babu. Ni hapa."

Alishuka akatembea. Kwenye kisiki cha kwanza, kipana kama kitanda, aliinama akaokota kigae. Kwenye cha pili akaokota kingine. Visiki vyote vilikuwa na vigae vyake.

Mtu mmoja aliyekuwa akichemsha chai kando ya magogo alisimama. Alijitaja kwa jina la Baraka, mkata mbao. Alipoona vile vigae mkononi mwa Faustino, uso ukamchanua.

"Mzee Vigae! Ndiye wewe? Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba. Unanijua wapi?"

"Wewe sikujui, kazi yako naijua! Mti mkubwa ukiuangusha ukakuta pango, umeunguza mafuta ya msumeno bure. Tulihangaika hapa. Siku moja tukagundua, penye kigae hapana pango. Hata mmoja! Tukawa tunafuata vigae tu. Kaa, mzee, unywe chai. Umetulisha."

Faustino hakukaa. Baraka hakuwa na ubaya, alikuwa anashukuru kweli.

Tulipoingia ndani zaidi, miti mikubwa ilikuwa bado ipo, na Twahiru, aliyekuwa hajaona miti kama ile, alikuwa anapiga picha. "Mjomba, hebu tazama! Msitu bado upo! Shina moja kama nyumba!" Faustino alikuwa anapita nyuma yake akigonga. Bu. Bu. Bu. Yote ilikuwa na mapango. Iliyobaki ni ile aliyoikataa yeye.

Baraka alitufuata, kikombe mkononi. Kwenye korongo, nyuma ya vichaka vya mianzi, tulikuta mkongo ambao Faustino hakuwahi kuuomba. Si mnene sana, lakini mtumbwi ungetoka. Akagonga. Nilisikia kwa masikio yangu, ulijibu kwa sauti kavu, kama mlango wa zamani wa Mikindani. Akagonga tena upande wa pili. Mkono wake ukaenda kwenye pindo la unga, ukasimama.

"Vipi, mzee?" Baraka aliuliza. "Weka basi kigae tuone."

"Una pango huu," alisema Faustino, akageuka.

Garini, tulipofika Nanguruwe, nilimgeukia.

"Ulikuwa mzima," nilimwambia.

"Najua. Wakihama tutarudi. Kuomba lazima nilale, na nikilala wao wataona."

Nyumbani Carlota aliuona unga haujaguswa. Alimwuliza la kufanya nao. "Pika," alisema mumewe. Tulikula ugali ule. Mimi nilikula, yeye alimega matonge mawili akanawa.

Mvua zilipokwisha tulirudi, safari hii na mume wa Vania na mashoka. Wakataji walikuwa wamehama. Korongoni tulikuta kisiki, moyo wake mwekundu, hauna hata tundu la sindano. Hawakuhitaji kigae. Walipokosa vigae walikata kila kilichosimama, hata miti yenye mapango waliiangusha na kuiacha inaoza palepale.

Faustino alikaa juu ya kisiki hadi mkwewe alipomnyanyua. Hakuumwa, alikataa tu kutoka nje ya nyumba, na kabla ya mavuno mengine tukamzika. Jeneza lilikuwa la mbao za paini zilizoletwa na lori kutoka Njombe, jepesi, tulilibeba watu wanne bila kupokezana.

Vania alichelewa mazishi. Alifika jioni, sketi imekauka tope hadi kiunoni. Bado anavuka na mtumbwi uleule. Anapiga kafi kidogo, analilaza magotini, anakumba maji nje kwa kopo, anashika kafi tena. Mtoto mkubwa naye amepewa kopo lake.